Udongo ndio gunia

Leo naomba tuzungumzie matope. Najua wengi mlitegemea siasa, lakini nivumilieni, maana na hili linagusa mifuko yetu.

Mjomba wangu amenunua kiwanja bondeni. Bei ilikuwa nzuri mno, na sasa tumejua kwa nini. Ukichimba futi tatu tu unakutana na udongo laini unaonata kwenye jembe, na maji yanajaa shimoni kabla hujafuta jasho. Fundi wake alisimama pembeni ya shimo, akatikisa kichwa, kisha akatoa hukumu: "Mzee, hapa tumwage mawe mpaka ardhi ishibe." Tripu ya kwanza ikaja, ikamezwa. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ilipofika ya nne mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Hivi ardhi inashiba kweli?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi. Lakini swali lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni historia ya karibu miaka 200 ya watu waliojaribu kuimarisha tope kwa kutumia mawe. Wapo waliofanikiwa, na wapo waliozika mawe yao bure.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo laini mara nyingi haianguki kwa kishindo, bali inatitia. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unafanana na sponji iliyojaa maji: ukiuwekea mzigo, maji yanakamuliwa taratibu, kwa miezi na hata miaka, na udongo unapungua kimo. Nyumba nzima ikishuka kwa pamoja, huenda usitambue. Ikishuka upande mmoja zaidi ya mwingine, ndipo ukuta unapopasuka na mlango unagoma kufunga.

Dawa zinazojulikana ni tatu. Unaweza kuuchimba udongo mbaya wote na kujaza mwingine. Unaweza kupigilia nguzo ndefu za zege mpaka zifike kwenye tabaka gumu, ukaruka tope kana kwamba halipo. Au unaweza kuuacha udongo palepale ulipo na kuuongezea nguvu. Nguzo za mawe ni za kundi hili la tatu.

Kwa kadiri historia ya uhandisi inavyosimuliwa, kisa kinaanzia Bayonne, mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa unaokutanisha mito miwili, Nive na Adour. Katika miaka ya 1830 wahandisi wa jeshi walitakiwa kujenga karakana ya chuma kwenye ghala la silaha za mizinga, na ardhi waliyopewa ilikuwa tope la mlangoni mwa mto. Walichofanya ni rahisi kusimulia. Walipigilia vigingi ardhini, wakavichomoa, kisha wakajaza yale mashimo kwa mawe ya chokaa yaliyopondwa. Kila nguzo ilikuwa na urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 20, na ilikusudiwa kubeba takriban tani 1. Hapakuwa na saruji wala chuma, ni kokoto tupu ndani ya tope.

Sasa jiulize, kokoto zisizofungwa na chochote zinasimamaje kama nguzo? Ukizimwaga juu ya sakafu na kuzipanda, zitatawanyika.

Jibu nililipata nilipokumbuka magunia ya mahindi. Mwaga mahindi sakafuni uyasimamie, utateleza. Yatie ndani ya gunia, ulishone, halafu panga juu yake magunia mengine sita. Hakuna kinachotawanyika, na mahindi ni yaleyale. Gunia halikuyaongezea nguvu yoyote, limeyazuia tu yasikimbilie pembeni. Nguzo ya mawe inafanya kazi hivyohivyo. Kokoto ndizo mahindi, na gunia ni lile tope linalozizunguka. Yaani udongo uleule dhaifu tunaotaka kuuokoa ndio unaoishika nguzo isimwagike. Naomba ulishike hilo, maana kila kitu katika historia hii, mafanikio na aibu, kinatoka hapo.

Baada ya Bayonne ujuzi huo ulisahaulika kwa karibu miaka 100. Ulirudi kwa mlango wa nyuma, na ulirudia Ujerumani.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Johann Keller ilikuwa ikitafuta namna ya kushindilia mchanga uliolegea ulio chini sana, mahali ambapo mashine ya kushindilia kutoka juu haifikishi nguvu. Mhandisi mwenye asili ya Urusi, Sergey Steuerman, alikuja na wazo la kuupeleka mtetemo kulekule chini. Ulishawahi kuona vaibreta ambayo mafundi wanaichomeka kwenye zege bichi ili lishikane? Basi fikiria vaibreta hiyo, lakini ni bomba la chuma lenye urefu wa mita kadhaa, linaloning'inia kwenye krini, na ndani yake kuna uzito unaozunguka kwa mhimili usio wa katikati. Bomba linachezacheza ubavuni huku maji yakitoka kwa kasi kwenye ncha yake, na linazama mchangani kwa uzito wake lenyewe. Chembe za mchanga zikitikiswa zinajipanga upya na kubanana. Mwaka 1937 mashine hiyo ilitumika Berlin kushindilia mchanga chini ya jengo. Mwaka 1939 Steuerman aliieleza katika jarida la Marekani la Engineering News-Record, na ufundi huo ukavuka bahari.

Lakini mashine ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kwenye mchanga ilifanya maajabu, kwenye mfinyanzi ilishindwa. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, zimeng'ang'aniana, na maji yaliyo katikati yake hayapati njia ya kutoka haraka. Ukiutikisa unabaki vilevile, au unazidi kuwa uji.

Hapo ndipo Bayonne ilipofufuka. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 wahandisi wa Ujerumani waliacha kubishana na mfinyanzi. Walizamisha bomba lao ardhini, wakalitoa, na shimo lililobaki wakalijaza kokoto kidogo kidogo. Kila baada ya kumwaga fungu moja, bomba lilirudishwa shimoni kuzisukuma kokoto chini na pembeni, mpaka nguzo ikafika juu. Kazi ya bomba ilikuwa imebadilika: badala ya kuutetemesha udongo ujishindilie wenyewe, sasa lilikuwa linaingiza ndani yake kitu kigumu zaidi. Nguzo hizo mara nyingi huwa na upana wa kati ya sentimita 60 na mita 1, zikapangwa kwa safu chini ya eneo zima la jengo au tuta. Faida yake ni zaidi ya kubeba mzigo. Kwa kuwa katikati ya kokoto kuna nafasi, nguzo ni mfereji pia. Maji yaliyobanwa kwenye mfinyanzi yanapata njia fupi ya kutokea, na kutitia ambako kungechukua miaka kunaweza kumalizika kwa miezi.

Ufundi ukasambaa. Tatizo ni kwamba ulitangulia elimu yake. Katika miaka ya 1960 watu walijenga kwa nguzo hizi kwa kutegemea uzoefu: pale tulifanya hivi ikakubali, basi na hapa tufanye hivyo. D. A. Greenwood, Mwingereza aliyeifanya kazi hiyo kwa vitendo, alitoa mada London mwaka 1970 yenye mchoro wa kukadiria jinsi nguzo zinavyopunguza kutitia. Mchoro huo ulitoka kwenye kazi alizoziona. Lakini nguzo inabeba kiasi gani hasa? Na inaposhindwa, inashindwa vipi? Majibu yaliyokuwepo yalikuwa ya kubahatisha.

Waliolifuata swali hilo maabara walikuwa J. M. O. Hughes na N. J. Withers wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walitengeneza nguzo ndogo za mchanga ndani ya mfinyanzi laini, wakazikandamiza kutoka juu, na wakafuatilia kilichotokea ndani kwa picha za eksirei, wakitumia vipande vidogo vya risasi kama alama, kwa sababu risasi huonekana vizuri kwenye picha hizo. Matokeo waliyachapisha mwaka 1974.

Walichokiona ni kwamba nguzo haivunjiki, wala haizami nzima kama msumari. Inaota kitambi! Sehemu yake ya juu inavimba kwenda pembeni, inausukuma udongo, mpaka udongo unafika mwisho wa uwezo wake wa kuvumilia na kuachia. Na uvimbe wote unatokea karibu na juu, ndani ya kina kisichozidi mara 4 ya upana wa nguzo.

Tafsiri yake ni nzito kwa anayelipa bili. Chukua nguzo yenye upana wa sentimita 80. Kitambi chake kitatokea ndani ya mita 3 hivi za mwanzo. Ukishavuka urefu fulani, kuirefusha zaidi hakuifanyi ibebe mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu itashindwa palepale juu. Urefu bado una kazi yake, kwani unapunguza kutitia kwa tabaka za chini, lakini ukomo wa kubeba haupangwi na mawe. Unapangwa na uwezo wa udongo wa kukibana hicho kitambi. Gunia likiwa imara, mahindi yatabeba. Likiwa bovu, hata ujaze mahindi ya aina gani, litapasuka.

Baada ya maabara ikaja zamu ya uwanja wenyewe. Hughes, Withers na Greenwood walijenga nguzo moja halisi kwenye mfinyanzi wa Canvey Island, kisiwa kilichopo mlangoni mwa mto Thames, mashariki ya London. Waliipima kwa mzigo, kisha wakaifukua waione umbo. Walipoingiza kwenye hesabu ukubwa halisi wa nguzo, pamoja na mzigo unaopokelewa na udongo kwa msuguano wa ubavuni, makadirio yao yaliendana vizuri sana na kilichotokea. Matokeo yalitoka mwaka 1975 katika jarida la Géotechnique.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini katika toleo lilelile, kurasa chache mbele, kulikuwa na makala nyingine iliyomwaga maji baridi juu ya sherehe. J. M. McKenna, W. A. Eyre na D. R. Wolstenholme walieleza tuta la majaribio lililojengwa East Brent, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakati wa maandalizi ya barabara kuu ya M5. Tuta lilikuwa na kimo cha karibu mita 8. Upande mmoja uliwekewa nguzo za mawe za upana wa sentimita 90 na urefu wa zaidi ya mita 11, zikiachana kwa mita 2.4. Upande mwingine uliachwa bila kitu. Vipimo vikawekwa kila mahali, watu wakasubiri kuona tofauti.

Tofauti haikuonekana. Upande wenye nguzo ulititia sawa na upande usio na nguzo. Fikiria gharama na jasho la kuzika mawe yale yote, halafu ardhi inakujibu kana kwamba hukufanya kitu.

Waandishi walitoa maelezo yao ya kwa nini. Kwanza, mawe yalikuwa makubwa na hayakuchanganywa na ya kuziba mianya, kwa hiyo tope laini lilipenya katikati yake. Nguzo ilipoteza nguvu na mfereji ukaziba. Pili, kazi yenyewe ya kuchimba na kutetemesha iliuvuruga udongo wa pembeni na kuharibu njia za asili ambazo maji yangepitia. Kwa lugha ya magunia, walilitoboa gunia wakati wa kulijaza.

Kwangu mimi toleo lile la mwaka 1975 ndiyo kurasa muhimu kuliko zote katika historia hii. Canvey Island ilionyesha kwamba nguzo ya mawe inaweza kukokotolewa. East Brent ilionyesha kwamba hesabu peke yake haitoshi. Ukichagua mawe yasiyofaa, au ukiuvuruga udongo unaotegemea ukushikie nguzo, unaweza kuambulia sifuri. Na watu wa East Brent walikubali kuichapisha sifuri yao wengine wasiirudie, jambo ambalo sisi tunaozoea kuripoti ufunguzi wa miradi tu tungefaa kujifunza.

Toka hapo usanifu ulianza kutulia. Mwaka 1976 Heinz Priebe, mhandisi wa Keller, alitoa njia ya kukadiria kwa mkono ni mara ngapi kutitia kutapungua, kwa kulinganisha eneo la nguzo na eneo lote inalolihudumia. Njia hiyo, pamoja na marekebisho aliyoyachapisha mwaka 1995, bado inatumika. Mwaka 1983 Richard Barksdale na Robert Bachus waliandika mwongozo mpana wa usanifu na ujenzi wa nguzo hizi kwa ajili ya mamlaka ya barabara kuu ya Marekani.

Ngoja nikupe hesabu rahisi uone wasanifu wanacheza na nini. Hii si njia ya Priebe yenyewe, ni kionjo tu. Tuseme nguzo zina upana wa sentimita 80 na zimepangwa kwa miraba ya mita 2 kwa 2. Kila nguzo inachukua karibu asilimia 13 ya eneo lake. Tukichukulia kwamba kila kipande cha nguzo kinabeba mara 3 ya kile kinachobebwa na kipande sawa cha udongo, basi hizo asilimia 13 za eneo zinapokea karibu asilimia 30 ya mzigo wote, na kutitia kunashuka hadi kama asilimia 80 ya kule kwa awali. Zisogeze nguzo ziachane kwa mita 1.5: sasa zinachukua asilimia 22 ya eneo, zinapokea karibu asilimia 46 ya mzigo, na kutitia kunashuka hadi karibu asilimia 70. Lakini idadi ya nguzo nayo imeongezeka kwa robo tatu na zaidi, na bili pia. Kumbuka vilevile kwamba hata hapo zaidi ya nusu ya mzigo bado inabebwa na tope.

Mfano mkubwa wa kazi iliyokubali uko Santa Barbara, California, ambako mtambo wa kusafisha majitaka ulijengwa juu ya tope la mlango wa mto lenye kina cha hadi mita 15. Nguzo 6,500 zilijengwa, na 28 kati yake zilijaribiwa kwa mzigo moja moja. Mwaka 1985 James Mitchell na Timothy Huber waliripoti kwamba ardhi yenye nguzo ilititia kwa asilimia 30 hadi 40 tu ya kiasi kilichotarajiwa kama ardhi isingewekewa nguzo.

Je, kama tope ni dhaifu kiasi cha kushindwa kabisa kuwa gunia? Mpaka unaotajwa mara nyingi ni nguvu ya kilopaskali 15. Udongo wa namna hiyo ukiuminya kiganjani unapenya katikati ya vidole vyako. Chini ya hapo nguzo ya kawaida inatia mashaka. Wajerumani walitafuta jibu katika miaka ya 1990, nalo ni la kuchekesha kwa uzuri wake: waliifumia nguzo gunia la kweli. Mrija wa kitambaa kigumu unashushwa ardhini na kujazwa mchanga au kokoto, na kazi ya kubana kitambi inafanywa na kitambaa kikisaidiwa na udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiwanda cha ndege cha Airbus mjini Hamburg kilipopanuliwa kwa hekta 140 juu ya matope ya mto Elbe kwa ajili ya ndege ya A380, tuta la kuzuia maji lilisimamishwa juu ya nguzo kama 60,000 za aina hiyo, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 80.

Sasa turudi kwa mjomba, maana simu yake bado inaita.

Nilimwambia hivi. Mjomba, mawe uliyomwaga si nguzo. Nguzo inajengwa kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, kokoto zikishindiliwa fungu kwa fungu. Mawe yaliyomwagwa juu ya tope yanaweza kutengeneza sakafu ngumu ya kukanyaga, lakini tope lililo chini yake liko vilevile, na sasa limeongezewa uzito wa tripu nne. Ardhi haishibi. Inachofanya ni kuyapokea mawe na kuendelea kutitia kwa ratiba yake.

Akaniuliza, kwa hiyo nijenge hizo nguzo? Nikasema sijui, na fundi naye hajui, kwa sababu hakuna aliyeupima udongo. Huenda tabaka laini ni la mita moja na nusu tu, ukalichimba ukalitoa. Huenda ni la mita kumi, na nyumba ya vyumba vitatu haistahili gharama hiyo. Huenda ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Nguzo inayopitisha maji inaweza hata kuuongezea huo balaa. Kote nilikopita, Cambridge, Canvey Island, East Brent, swali la kwanza halikuwa mawe mangapi. Lilikuwa udongo huu una nguvu gani.

Mjomba alinyamaza kidogo, akauliza kupima udongo ni shilingi ngapi. Tulipata bei kwa mtaalamu mmoja, tukailinganisha na fedha zilizokwenda kwenye tripu nne za mawe. Kupima kulikuwa nafuu. Tripu ya tano aliisimamisha njiani, na dereva alinuna.

Tunasubiri majibu ya udongo. Yakitoka nitawajulisha. Mpaka hapo, kama na wewe una kiwanja bondeni na fundi anayetaka kuilisha ardhi mpaka ishibe, nadhani sasa unajua la kumuuliza.

Alamsiki.